Kwa nini picha za mtaani Mwanza zinatoka kijivu na nyuso zinakuwa giza

Mkuu, umeuliza kwa nini picha zako za soko la Makoroboi na mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, ukizigeuza nyeusi na nyeupe zinatoka kijivu kitupu, na nyuso zinabaki doa lisilo na macho wala mdomo. Programu ya simu usiilaumu. Picha inakuwa imeshaharibika kabla hujaigeuza.

Anza na nyuso, maana ndizo zinazobeba picha ya mtaani. Mita ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, haijui inaangalia nini. Kila kitu inataka kukileta kwenye kijivu cha kati. Mama amesimama mwaloni na beseni la dagaa kichwani, nyuma yake ziwa linang'aa: mita inaona mwanga mwingi, inaupunguza, uso unazama. Kama unapima eneo zima, tumia kitufe cha +/−, kinachoongeza au kupunguza mwanga wa picha, uende +1, na akiwa na ziwa au anga jeupe mgongoni nenda hadi +2. Dagaa wa juu watakuwa weupe mtupu. Waache, uso una thamani kuliko dagaa.

Ukipima kwa nukta usoni, yaani mita isome sehemu ndogo tu ya picha, hesabu inageuka. Sasa kamera inaupandisha uso hadi kijivu cha kati, na ngozi nyeusi inapauka kama imepakwa majivu. Hapo unashusha −1; kwa maji ya kunde theluthi moja inatosha. Wengi wanachanganya njia hizi mbili ndiyo maana leo wanapata, kesho wanakosa. Chagua moja uizoee. Na usitegemee kuung'arisha uso baadaye: punje, yale madoadoa madogo ya picha, zitajaa mashavuni.

Kijivu kitupu kinatokana na rangi. Nyanya nyekundu na hoho za kijani kwenye meza moja macho yanazitenganisha mara moja, lakini zikishaondolewa rangi zinakuwa karibu kijivu kilekile. Mitumbwi iliyopakwa nyekundu na kijani ni hivyo hivyo, na khanga pia. Tafuta tofauti ya mwanga, siyo ya rangi: kanzu nyeupe mbele ya mlango wenye giza, ndoo nyeupe juu ya kichwa chenye kitambaa cheusi. Weka kamera ihifadhi RAW (faili ghafi) pamoja na JPEG (picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera), kisha chagua mtindo wa nyeusi na nyeupe. Kiooni utaona kijivu papo hapo, lakini RAW inabaki na rangi zote. Ukihifadhi JPEG peke yake, rangi zimekwenda, huna cha kurekebisha.

Ukiwa na RAW, nenda sehemu ya kuchanganya rangi kwenye programu ya kuhariri, inayoamua kila rangi iwe kijivu cheupe au cheusi kiasi gani. Chungwa ndiyo inayoongoza ngozi: ipandishe 15 hadi 25. Ukizidisha, ngozi inakuwa plastiki. Buluu ishushe kama 20 ili anga na maji vipate uzito. Ukifika 60 utaona ukingo mweupe kuzunguka miamba, na anga litaanza kuchafuka kwa punje.

Kuhusu fokasi nitakuwa mfupi. Lenzi ya milimita 18-55 kwenye kamera ya sensa ndogo (APS-C) iweke 18, tundu la lenzi f/8, lenga kitu kilicho mita 2, kisha hamisha swichi ya lenzi kwenda M (fokasi ya mkono). Kuanzia mita 1 hadi mbali kila kitu kitakuwa kikali vya kutosha. Usiguse tena ringi ya zumu, kwa sababu lenzi nyingi za aina hii ukizungusha zumu fokasi inahama. Shata sekunde 1/500, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ijipange yenyewe, kikomo 3200. Wapagazi wa mwaloni wanakimbia. 1/125 itakupa miguu ya ukungu.

Jua la Mwanza linafika utosini karibu saa saba mchana, siyo saa sita, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki na mji uko kwenye 33 hivi. Kwa hiyo saa tano bado haijawa mbaya kama wengi wanavyodhani, ila saa nane macho yote yamo kwenye kivuli cha paji la uso. Muda huo ingia kwenye baraza za maduka ya zamani katikati ya mji. Anayekaa kivulini akitazama barabara anapata mwanga laini unaorudi kutoka lami na kuta za ng'ambo. Wewe simama upande wa barabara, usipige ukitokea ndani kwenda nje.

Kabla ya kunyanyua kamera mwaloni, pita ofisi ya soko ujieleze. Kwa wazee shikamoo kwanza, asubuhi ongeza mwangaluka, salamu ya Kisukuma, kisha omba. Akikataa, shusha kamera kabisa, usiiache kifuani ikitazama upande wake. Bandarini na kwenye vituo vya polisi usipige bila kibali.