Jibu: Kipimo ni bure, mbona wanachelewa?
Ndugu, umeuliza kwa nini wanawake wa vijijini hufika hospitalini saratani ya mlango wa kizazi ikiwa imekwisha kusambaa, ilhali kupimwa ni bure. Kipimo ni bure, safari si bure: kuna nauli, kuna siku nzima ya kazi inayopotea, na akishapanda kitandani hukuta pazia halifungi na anayempima ni mtu wanayefahamiana. Aibu hiyo, kwa maoni yangu, tunaidharau mno. Kipimo cha HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani hii, ambacho mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, huiondoa kwa sehemu kubwa, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza kirudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10 kuanzia umri wa miaka 30. Hata hivyo, majibu yakitumwa kwenye simu ya mume, huenda yasimfikie mwanamke mwenyewe.