Kula katika mgahawa mdogo wa mtaani jijini Seoul

Wenzetu wengi wanaofika Seoul kwa masomo au kazi huanza na migahawa mikubwa yenye menyu za lugha nyingi, wakaipita ile midogo ya vichochoroni kwa kuhofia kwamba hawataelewana na mwenyeji. Kwa jinsi nilivyoishi huko, ningemshauri mgeni aanze na hiyo midogo, hasa ile yenye vyakula vichache vilivyoandikwa ukutani, kwa sababu mpishi anayepika supu ileile kila siku kwa ajili ya majirani walewale hana nafasi ya kuharibu.

Kipimo changu cha mgahawa ni banchan, yaani vile visahani vya kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili), mchicha uliotiwa mafuta ya ufuta, figili, dagaa wa kukaanga na kadhalika, ambavyo huletwa bila kuagizwa. Havilipiwi, na vikiisha unaweza kuomba uongezewe, ingawa ni vizuri kuomba kile utakachokimaliza. Onja kimchi kabla ya chakula chenyewe. Ikiwa imechachuka vizuri na kabichi bado inatafunika kwa sauti, mara nyingi na supu itakuwa nzuri. Sheria ya Korea Kusini inawataka wenye migahawa waonyeshe mchele, nyama na kabichi ya kimchi vimetoka nchi gani, kwa hiyo tafuta karatasi hiyo ukutani au kwenye menyu.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi, hasa kwa Mwislamu, ni nyama ya nguruwe. Haimo katika nyama za kuchoma peke yake. Kimchi jjigae, ule mchuzi mwekundu ambao mgeni hudhani ni wa mboga tupu, mara nyingi hupikwa nayo, na mchuzi mwingine, budae jjigae, hujaa soseji na hemu. Jifunze neno "dwaeji", ambalo ni nguruwe, na uulize kabla ya kuagiza. Kumbuka pia kwamba hata ng'ombe na kuku wa mgahawa wa kawaida hawakuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na nyama hulowekwa mara kwa mara katika viungo vyenye pombe. Mimi humwelekeza mtu kwenye samaki: kibua wa kuchoma, anayeitwa godeungeo-gui, huletwa na wali, supu na banchan, na mtu wa pwani hatajiona mgeni mbele yake. Anayetaka nyama halali aende mtaa wa Itaewon, ambako migahawa ya Waislamu imeuzunguka Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976. Asiyekula samaki kabisa naye aulize, kwani kimchi nyingi hutiwa uduvi au mchuzi wa samaki waliochachushwa, na supu nyingi huanzia kwenye maji ya dagaa wakavu na mwani.

Vijiko na vijiti mara nyingi huwa kwenye droo iliyo ubavuni mwa meza, na maji hujichotea mwenyewe. Wali huliwa kwa kijiko, bakuli likiwa mezani. Usisimamishe kijiko wala vijiti ndani ya wali, kwa kuwa hilo hukumbusha ibada za kuwaandalia marehemu chakula, na ukiwa na mtu mzima, mwache aanze yeye.

Kwa anayekwenda peke yake, nyama ya kuchoma mezani ni shida, maana sehemu nyingi hazipokei oda iliyo chini ya watu wawili. Bibimbap, yaani wali wa kuchanganya na mboga, au sundubu jjigae, mchuzi wa tofu laini ya soya, humtosha mtu mmoja. Epuka saa sita hadi saa saba mchana, wakati wafanyakazi wa ofisini wanapojaza meza zote, na ujue kwamba migahawa mingi hufunga jiko kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Malipo hufanywa kaunta wakati wa kutoka, kwa bei ileile iliyoandikwa, na bakshishi haitolewi. Ukimwachia mwenye mgahawa chenji mezani, huenda akakufuata nje akurudishie.