Rivolva iliyochujuka: nimpe fundi yupi, na nimwambie nini?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Columbus, Ohio. Baba mkwe wangu, polisi mstaafu, amenipa Smith & Wesson Model 10 yake, ya risasi za .38 Special. Mdomo wa mtutu na kingo za silinda zimebaki chuma cheupe, na upande mmoja una vidoa vya kutu. Nataka irudi ilivyotoka kiwandani. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Anzia kwenye mpini. Hakikisha silinda ni tupu, fungua vibao vya mpini, kisha utazame chuma kilicho chini yake. Ukikuta herufi R-S, au nyota karibu na namba ya silaha, huenda bastola hiyo ilikwisha kurudi kiwandani ikatengenezwa na kung'arishwa upya. Ikiwa ndivyo, wakusanyaji wameshaishusha thamani, nawe huna cha kupoteza. Usipoona alama hizo, fikiri tena. Mnunuzi makini huipenda bastola yenye uchakavu wake halisi kuliko iliyotiwa weusi mpya, na uchakavu unaoueleza ni wa kuingia na kutoka kwenye ala ya ngozi miaka yote ya kazi. Mimi ningeiacha, nikaondoa kutu kwa mafuta na sufi laini ya chuma, basi. Lakini mali ni yako.

Ukiamua kuitengeneza, elewa kwamba weusi ule wa bluu haupakwi. Chuma huchemshwa katika mchanganyiko wa soda kali na chumvi ya naitreti, kwenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, mpaka uso wake ugeuke oksidi nyeusi. Tabaka hilo ni jembamba mno, halifichi kitu: mkwaruzo ulioingia nao birikani utatoka nao, tena ukionekana zaidi. Kwa hiyo unachomlipa fundi hasa ni mkono wake wa kusugua. Kuchemsha wengi wanaweza.

Na hapo kwenye kusugua ndipo bastola nyingi huharibiwa. Fundi mwenye haraka huibana kwenye gurudumu la kung'arishia: kingo zinakuwa butu, maandishi ya kiwanda yanafifia, matundu ya skrubu yanazungukwa na vibonde. Fundi mzuri husugua kwa msasa uliozungushiwa kibao, na kile kifuniko cha ubavuni hukisugua kikiwa kimefungwa mahali pake ili mstari wa kiungo usitanuke. Nyundo na kifyatulio haviguswi, kwa sababu vina rangi zake za mawimbi zilizotokana na kukazwa uso wake kwa moto kiwandani. Namba ya silaha nayo isiguswe kabisa: kuifuta ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho la Marekani.

Kwa hiyo mwombe akuonyeshe rivolva alizozimaliza yeye mwenyewe. Usidanganywe na mng'ao. Tazama herufi na kingo za mifereji ya silinda. Zikiwa kali, mwachie kazi. Muulize pia kuhusu vidoa vyako. Vikiwa vimekula chuma kwa kina, ama atapunguza chuma kingi, ama ataviacha vionekane. Akikuahidi kuviondoa vyote bila kupunguza kitu, ondoka.

Wengine watakushauri nikeli. Inapendeza na huzuia kutu vizuri, ila ikianza kubanduka ni lazima ivuliwe yote kwa dawa au umeme kabla ya kutiwa upya. Kwa bastola iliyotoka kiwandani ikiwa nyeusi, sioni sababu.

Ikiwa fundi yuko jimbo jingine, sheria inakuruhusu kumtumia bastola fundi mwenye leseni, naye akurudishie wewe moja kwa moja bila kupitia duka. Ila waulize kwanza wasafirishaji, maana kila kampuni ina masharti yake kuhusu bastola. Na kabla hujalipia weusi, mwambie akague kama silinda inajifunga sawasawa nyuma ya mtutu. Ikihitaji kurekebishwa, hilo litangulie, kwa sababu mikwaruzo ya bisibisi na jiliwa haipendezi juu ya kazi mpya.