Anti Mratibu: Keki imelala, LUKU imeisha, bahari imeingia harusini

Haya jamani, Pasaka imepita, wale wote waliokuwa wanasubiri Kwaresma iishe sasa hivi ndo wanafunga ndoa kila Jumamosi, parokia nyingine maharusi wamepangwa foleni, na hii yote inaangukia katikati ya masika yenyewe kwahiyo meseji zenu za wiki hii ni vilio tupu. Nimechagua chache. Zile za mchumba hapokei simu nimempelekea dada wa kona ya mahusiano, mimi ni mambo ya siku ya harusi tu.

SWALI: Shikamoo anti. Nilikuwa matroni wa rafiki yangu. Keki ya ghorofa nne imetoka Kimara kwenda Mbezi Beach saa nane mchana kwenye gari lisilo na AC, kufika ukumbini ghorofa la juu limelala upande. Mratibu akaigeuzia ukutani, akamwita mpambaji akaziba na maua, bibi harusi hajajua mpaka leo. Alifanya sawa kumficha? Maana mimi roho inanisuta. (Matroni, Kimara)

JIBU: Marahaba mwanangu. Alifanya sawa kabisa na ningekuwa mimi ndo mwenye harusi ningemuongezea hela. Hivi angemwambia ili iweje? Bibi harusi yuko na lile shela na kucha ndefu, atakuja kuinyanyua keki? Atalia, mekapu itashuka, halafu sasa mna matatizo mawili badala ya moja. Mimi huwa najiuliza kitu kimoja tu, je kuna uamuzi hapa ambao ni yeye peke yake anaweza kuutoa? Kama upo namwambia, tena kwa upole na kwa sentensi fupi. Kama haupo hasikii kitu mpaka atoke fungate, na matroni nae afunge mdomo hahaha.

Ila keki za Dar jamani. Krimu ya siagi na joto la saa nane ni maadui, na mnaizidisha kwa kumpakatisha mtu kwenye siti. Siti imeinama! Keki inakaa kwenye sakafu ya gari au kwenye buti iliyo bapa, kila ghorofa na boksi lake, inapandishwa ukumbini kwenye meza yake na aliyeipika mwenyewe akiwa na kimfuko cha krimu ya rangi ile ile cha kuzibia. Na ghorofa la juu likifa kabisa, litoe, lipeleke jikoni wakalikate vipande, hakuna mgeni anayehesabu ghorofa. Kama familia imeleta ndafu basi MC aanze na ndafu, watu watapiga vigelegele weee, huku nyuma mnapata nafasi ya kurekebisha.

Kuhusu lawama, angalia risiti. Kama mpishi wa keki aliwakabidhi kwake mkabeba wenyewe, safari ilikuwa yenu. Mwakani mwandikishe "kufikisha na kupanga ukumbini".

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati, Morogoro. Maharusi ndo wanaingia ukumbini, umeme pu! Jenereta ipo ila haina mafuta, meneja wa ukumbi anasema mafuta ni juu ya wateja. Giza karibu nusu saa nzima, wakwe wanatuangalia. Tungefanyaje?

JIBU: Pole katibu. Kabla hujaanza kumlaumu TANESCO toka nje uangalie kwa jirani. Jirani ana taa? Basi sio umeme umekatika, ni swichi kubwa imeruka au LUKU imeisha, na usicheke, LUKU kuisha katikati ya harusi kunatokea kuliko mnavyodhani, maana mpambaji kaja na taa zake, DJ kaja na spika zake, mpishi kachomeka vya kupashia chakula, AC zote zinaunguruma, uniti za wiki zinaliwa jioni moja. Halafu mlinzi ndo anahangaika na tochi ya simu kubonyeza tarakimu 20, kakosea moja, anaanza upya.

Kwahiyo siku moja kabla nenda kaione mita kwa macho yako na namba yake uiandike kwenye simu yako, ili ikiisha ununue mwenyewe ulipo bila kumtafuta meneja ambaye muda huo kaenda kula. Jenereta nayo usiambiwe tu ipo, iwashwe mbele yako, mafuta uyaone, na uulize ni nani anaibadilisha kutoka umeme kwenda jenereta na saa mbili usiku mtu huyo atakuwa wapi. Nani ananunua mafuta iandikwe kwenye mkataba wa ukumbi, sio kuongea mdomoni.

Na giza likishaingia? Matarumbeta! Matarumbeta hayatumii umeme. Waambie wapige palepale, MC mwenye kifua ashuke katikati ya watu aongee bila maiki, wageni wawashe tochi za simu, maharusi waingie hivyo hivyo taratibu. Nimeona watu wanalia kwa raha wakidhani imepangwa. Wakati huo mtu wa sauti azime mashine zake zote, umeme ukirudi aziwashe moja moja, maana unaporudi kwa nguvu ndo ampulifaya inaungua.

SWALI: Anti za kazi. Sisi tulifunga ndoa ufukweni Kigamboni mwezi uliopita. Tulichagua siku ya mwezi mpevu ili picha za usiku zitoke vizuri, ndoa ikapangwa saa 10 jioni. Saa 9 viti viko mchanga mkavu kabisa, mchungaji anafika kwenye viapo maji yako kwenye viatu vyake, zulia linaelea, mama mkwe kabebwa. Mratibu wetu anasema ni mipango ya Mungu. Nimdai hela zangu?

JIBU: Salama mdogo wangu, na mama mkwe mpe pole sana. Mipango ya Mungu ni kweli, lakini hii Mungu kaipanga mwaka mzima na kila mvuvi wa Kigamboni anaijua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, hapa kwetu kati ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3 kwenda juu, na siku hizo maji yanajaa kabisa saa ngapi? Kwenye saa 10 jioni hiyo hiyo, na saa 10 alfajiri. Yaani mlichagua saa na siku ambayo bahari nayo ilikuwa na shughuli yake. Mngesogeza mbele kama wiki moja mngekuta maji mafu, hayo kwenye saa 10 jioni yanakuwa yamekupwa, ufukwe wote wenu.

Mratibu anayefanya harusi za ufukweni na hajui hili arudi kwenye kumbi. Sio lazima awe na programu kwenye simu, amuulize muuza samaki. Au afike siku moja kabla atembee mchangani, aangalie ule mstari wa mwani na vijiti uliolala, maji ya mwisho yaliishia pale, kiti cha mbele kabisa kikae juu ya mstari huo tena kwa hatua kadhaa kama bamvua ndo inakuja, maana maji ya kesho yatapita ya leo.

Ila tuseme ndo limeshatokea na maji hayo yanakuja. Kwanza waya. Kabla ya zulia, kabla ya maua, kabla hata ya mama mkwe, zima ekstensheni za spika, maji ya chumvi na umeme sio mchezo. Halafu usijaribu kuhamisha watu wote na viti, utaleta vurugu. Wageuze tu. Mchungaji na maharusi wanapita katikati ya viti wanakwenda kusimama upande wa juu, wageni wanageuza viti vyao walipo, waliokuwa nyuma wamekuwa mbele, wale safu ya mbele ya mwanzo ndo wanasogea kidogo. Ni dakika chache na MC akilisema kwa utani watu wanacheka. Picha ndo kwanza zinapendeza, bahari iko nyuma ya wageni na sura za maharusi zina jua la jioni... sawa, labda watakunja macho kidogo lakini bora hivyo.

Hela: dai, ila sio zote. Mapambo yalikuwepo, uratibu ulikuwepo, kosa ni kupanga mahali na saa. Kaa nae mzungumze, mwambie alipie zulia na akurudishie sehemu ya ada yake. Akikataa jua umeshajua wa kutompa harusi ya mdogo wako.

SWALI: Mwenyekiti wa kamati hapa, Mwanza. Tuliandaa chakula cha watu 250 wakaja kama 340. Sahani zikaisha, kuku wakaisha, lawama zote kwangu na mimi mwenyewe sijala.

JIBU: Pole mwenyekiti, hayo ndo maisha ya uenyekiti. Kadi za singo zina miujiza yake, mtu kachangia singo anakuja na mke, mtoto na mdogo wake mke. Siku hizi wanaskani kadi mlangoni na inasaidia kiasi, lakini mjomba aliyepanda basi kutoka Tukuyu huwezi kumrudisha eti kadi yake inasoma imeshatumika.

Kinachookoa ni jikoni. Ukiona meza zimejaa na watu bado wanaingia, mwambie mpishi asiwaachie watu wajipakulie. Wali hauishi, kinachoisha ni kuku na nyama, kwahiyo kwenye wali watu wajihudumie na kwenye nyama asimame mtu wa jikoni na koleo, kipande kimoja, kipande kimoja. Wazee na waliotoka mbali waanze. Trei moja ya nyama ifichwe tangu mwanzo isifunguliwe mpaka robo ya mwisho ya foleni, na hii mpange na mpishi kimyakimya maana kamati wakijua ndo wanakuwa wa kwanza kuifungua. Bodaboda aende kuchukua mishkaki na chipsi, hela ya dharura iwe taslimu mkononi kwa mratibu kwasababu mtandao wa simu unapenda kusumbua siku kama hizo. Na kamati mnakula mwisho, samahani lakini ndo hivyo.

SWALI: Asalaam aleikum. Naandika kutoka Unguja. Baba alishafariki, hatuna kaka, walii wangu ni ami yangu anayeishi Muscat. Naogopa ndege yake isije ikaahirishwa hadi usiku na ndoa ni baada ya sala ya alasiri, watu wameshaalikwa msikitini. Jirani yetu yalimkuta hayo wakasubiri hadi Isha. Mimi yakinifika?

JIBU: Waaleikum salaam bibie. Hili sio la mratibu kuamua, ni la sheikh anayeozesha, kazi ya mratibu ni kumpata sheikh mapema kabla watu hawajakaa msikitini. Walii anaweza kuwakilisha, anampa mtu mwengine uwakala wa kuozesha kwa niaba yake, na masheikh wengi wanaupokea kwa simu wakijiridhisha kuwa anayeongea ndo mwenyewe. Wewe usingoje ndege, ami yako aandike uwakala wiki moja kabla autume kwa sheikh, akiwahi ataozesha mwenyewe, asipowahi shughuli haisimami. Na kama kuna kungoja kidogo basi halua na kahawa zianze kuzunguka, watu wenye halua mdomoni hawaulizi saa.

SWALI: Pete zimesahaulika nyumbani Bunju, tuko kanisani Posta. Ndoa inafungwa?

JIBU: Inafungwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari yenu wawili, mfungishaji anayetambulika na mashahidi wasiopungua wawili. Mwambieni padri au mchungaji, azimeni za wasimamizi, zenu zitabarikiwa zikifika. Kutoka Bunju Jumamosi mchana zitafika mkiwa ukumbini.

SWALI: Anti, naanza kazi ya uratibu, harusi yangu ya kwanza ni wiki ijayo. Naogopa zaidi zipu ya shela, naskia zinapasuka sana. Nifanyeje ikitokea?

JIBU: Unaogopa kitu sahihi. Zipu inapasuka kwasababu shela lilipimwa miezi mitatu nyuma na bibi harusi kapitia kitchen party na sendofu katikati. Usiivute kwa nguvu wala usipake sabuni ukashinda nayo, utapoteza dakika ambazo huna. Mkobani weka utepe wa satini mrefu wa rangi ya shela, sindano imara, uzi mweupe na wa krimu, pini kubwa, mkasi. Mtoe kila mtu chumbani abaki mmoja tu wa kushika. Shona vitanzi vya uzi mzito pande zote mbili za zipu, kimoja kila baada ya vidole viwili, anza chini kiunoni kwenda juu, halafu pitisha utepe kwa mkato kama kamba ya kiatu, kaza taratibu huku yeye akipumua kawaida, usimwambie abane tumbo maana akiliachia kanisani mtarudi palepale. Kipande cha kitambaa cheupe kiwekwe ndani mgongo usionekane. Watu watauliza fundi ni nani. Dereva mpigie wakati unashona, sio ukimaliza, aiwashe gari na AC, na kanisani mtume mtu akamwambie padri mmeshatoka.