Mtungi mmoja mkubwa au miwili midogo?

SWALI: Trela letu la kulala linakaa porini bila umeme. Tununue mtungi mmoja mkubwa wa propani au miwili ya kilo 9?

JIBU: Miwili, pamoja na regyuleta inayohama yenyewe: mmoja ukiisha inavuta wa pili, na alama yake inageuka nyekundu. Mnakwenda kujaza huku jiko likiwaka. Mlaji mkubwa ni hita, si jiko. Ya kilowati 5 hula karibu gramu 400 kwa saa, kwa hiyo kilo 9 ni saa 23 hivi za moto mfululizo. Fungueni valvu polepole sana. Mkiifungua kwa pupa, kizuizi cha usalama hubana, moto ukafifia, mkadhani mtungi ni mtupu. Kila mkibadilisha mtungi, pakeni maji ya sabuni kwenye maungio: yakitoa mapovu, gesi inavuja.