Rafiki, usirudishe hilo gemu kwanza

Msomaji mmoja ameniandikia: “Kaka, nimenunua Hearts of Iron IV, lile gemu la kuongoza nchi katika Vita vya Pili vya Dunia, nimekaa nalo saa moja na nusu sielewi kitu. Baada ya kazi napata saa moja tu kwa siku; nitaliweza kweli, au nidai hela yangu?” Swali limenigusa pabaya. Steam, duka la mtandaoni la magemu, wanakurudishia pesa ndani ya siku 14 mradi hujavuka saa mbili za kucheza. Mimi saa mbili zilikata bado natafuta pa kuongeza viwanda vya bunduki.

Nilianza na Ujerumani, Januari 1936, kwa sababu nilitaka ubabe. Poland nikaimeza, Ufaransa nikaimeza, nikaanza kujiona jenerali. Kiangazi cha 1941 nikaingia Urusi na jeshi la kutisha. Kabla ya kufika mji wa Smolensk ramani ikaanza kuiva wekundu: reli hazifikishi mzigo, malori hayatoshi, vifaru vimesimama havina mafuta. Kumbe tangu nyongeza ya gemu ya 2021 chakula na risasi hutegemea treni na vituo vya ugavi, na mimi sikuwa nimejenga hata kimoja. Mke wangu akachungulia: “Baba Aisha, bado mnapigana tu?” Saa nane usiku. Asubuhi nikasinzia kwenye kikao.

Nikajitia kucheza na wenzangu mtandaoni. Nikapewa Romania, nikaacha pwani ya Bahari Nyeusi bila mlinzi, adui akashukia hapo hapo. Kiongozi wetu akanitoa, akamalizia: “Nenda kacheze bao.” Mpaka leo naikumbuka. Na bao lenyewe angelijua asingesema hivyo: mashimo 32, kete 64, kuna hatua ya kunamua, kuna hatua ya mtaji. Wazee wa barazani kwetu wanalicheza kwa kujifurahisha, kahawa mkononi, na hakuna aliyelijua kwa siku moja. Unakaa pembeni unatazama, unafungwa, unacheka, kesho unarudi.

Kwa hiyo ndiyo, hata mtu wa saa moja baada ya kazi anaweza. Ila acheni papara! Vijana mnataka kushinda dunia Jumamosi moja. Chukua nchi ndogo, yenye jeshi dogo. Simamisha saa ya gemu kila unapochanganyikiwa, hakuna anayekukimbiza. Na mtandaoni usiende mapema. Nasema tena, nchi ndogo.

Mimi nimehamia Ethiopia. Mafunzo ya mwanzo niliyopitia yalinipa Italia, eti nijifunze vita kwa kuwavamia Wahabeshi. Nilifanya huku nimekunja uso. Ukichukua upande wa Haile Selassie, vita unavikuta vimeshawaka siku ya kwanza, bunduki za kuhesabu. Jumapili iliyopita nimewazuia Waitaliano milimani hadi mwaka 1937. Nilipiga kelele, Aisha akaamka.

Wewe una nusu saa kabla hela haijawa yao. Fungua Ethiopia, bonyeza spesi saa isimame, uhesabu kwanza bunduki zilizomo ghalani.