Chai yetu imekuwa wino

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tumechimbiwa kisima kirefu kijijini. Maji yake ni maangavu, lakini ukipikia chai ya rangi inakuwa nyeusi tii. Wazee wanasema maji yana dawa; kina mama wamerudi mtoni. Kuna nini humo? – Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba. Huo ni wino kweli, sikutanii. Wino wa kale wa Ulaya ulitengenezwa kwa chuma na tanini, kile kitu kinachoipa chai ukakasi. Majani ya chai yana tanini tele, kwa hiyo ninayemshuku kisimani kwenu ni chuma.

Kutumia tanini kama kipimo cha chuma majini kuna historia ndefu. Karne ya 17, matajiri wa Uingereza walikuwa wakienda Tunbridge Wells kunywa maji ya chemchemi yenye ladha ya chuma, nao madaktari wakibishana yana nini hasa. Mwaka 1685 mwanasayansi Robert Boyle alichapisha kitabu kuhusu namna ya kuyachunguza maji ya aina hiyo. Alitumia unga wa vivimbe vinavyoota kwenye mwaloni ukidungwa na nyigu, vyenye tanini nyingi: palipo na chuma, maji hugeuka zambarau hadi meusi. Alikuwa pia na sharubati ya maua ya vayoleti, ambayo huwa nyekundu kwenye asidi na kijani kwenye alkali. Maabara nzima ingeingia kwenye kikapu!

Kilichowatatiza wataalamu hao ni kwamba maji yaleyale yakisafirishwa mbali, rangi haitokei. Wakasema "roho" ya maji imetoroka. Msiwacheke. Mwaka 1765 daktari William Brownrigg alionyesha kuwa maji ya Spa, yale ya Ubelgiji, yana hewa ndani yake, tunayoiita leo kabonidioksidi. Hewa hiyo ikitoka na oksijeni ikaingia, chuma hugeuka kutu na kutuama chini. (Miaka 7 baadaye mwanakemia Joseph Priestley akachapisha njia ya kuitia hewa hiyo kwenye maji ya kawaida, soda za harusini zimetokea huko.)

Sasa fanya hivi. Chota ndoo, yamimine maji mara kadhaa kutoka ndoo hadi ndoo, kisha yaache mpaka asubuhi. Ukiona tope la rangi ya kutu chini, chota ya juu taratibu, upike chai tena, weusi utapungua. Ila chai haisemi lolote kuhusu floridi wala vijidudu, kwa hiyo sampuli ipelekeni ofisi ya maji ya wilaya kabla ya kina mama kukata shauri.